Fataki za umeme: msiniulize tena rimoti inafika mita ngapi

Kila Oktoba, watu wakijiandaa kwa usiku wa fataki wa tarehe 5 Novemba hapa Uingereza, swali linalokuja ni lilelile: mtambo upi wa kuwashia fataki kwa umeme, kwa rimoti, unafika mbali zaidi? Muulizaji ana kiwanja cha mita 60 na anatafuta rimoti ya mita 500. Anaamini kwamba akishanunua masafa ameshanunua na usalama. Imani hiyo ni potofu, na mwaka huu nimeamua kuijibu kwa urefu.

Masafa kwanza, tuyamalize. Fataki za daraja la F2 zinataka watazamaji wakae angalau mita 8, za F3 mita 25. F4 ni za wataalamu, haziuzwi kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo anayefuata lebo anahitaji mita 25, tuseme 50 akipenda nafasi ya ziada. Mitambo mingi inafika hapo hata ukiikata nusu namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ikate tu, maana imepimwa mahali peupe pasipo mtu. Mawimbi ya 2.4 GHz hunyonywa na majani mabichi na miili ya watu, na kipokezi (kisanduku kinachopokea amri ya rimoti na kupeleka umeme kwenye fataki) kilicholazwa kwenye nyasi zenye umande husikia vibaya. Kifunge kwenye kigingi, mita moja kutoka ardhini, antena ikiwa wima, kisha ukijaribu ukiwa palepale utakaposimama usiku. Basi.

Sasa lile linalonikera. Umbali hukulinda wakati wa kurusha, na wakati huo hata mwenye rimoti dhaifu yuko mbali. Hatari kubwa zaidi iko mapema, jioni bado haijaingia, mtu ameinama anabana klipu (kibanio chenye waya unaopata moto umeme ukipita) kwenye utambi wa keki, yaani boksi la mirija mingi ya fataki, na kichwa kimekaa juu ya mirija. Umeme ukipita kwenye waya dakika ile, mita 500 hazimfai kitu. Tarehe 4 Julai 2012, kule San Diego, Marekani, onyesho lililopangwa kuchukua zaidi ya robo saa liliwaka karibu lote kwa mkupuo, kwa sababu ya faili la kompyuta lililoharibika. Hakuna aliyeumia: fataki zilikuwa zimeshapangwa kwenye matishari majini na watu wako mbali. Hitilafu ya namna ile ingetokea mafundi wakiwa bado wanaunga nyaya, tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo mtambo uchague kwa tabia yake wakati mikono yako iko juu ya fataki. Ukiwashwa unafanya nini? Ukisikia mawimbi yasiyo yake unafanya nini? Ukipoteza mawasiliano katikati ya onyesho unasimama, au unaendelea kurusha peke yake?

Seti nyingi za bei nafuu hutumia 433 MHz, mawimbi yaleyale ya rimoti za mageti, kengele za mlango na funguo za magari. Kipokezi chake hungoja msimbo. Kikiusikia kinapeleka umeme kwenye njia husika, yaani tundu lenye waya wa fataki iliyoamriwa. Hakimjibu mtu, hakiulizi mara ya pili. Kama msimbo huo ni wa kudumu au unabadilika, boksi mara nyingi halisemi, na muuzaji naye hajui. Kama jirani amenunua seti kama yako, kutaneni mchana, fataki zikiwa hazijaunganishwa: mmoja abonyeze vitufe vyote, mwingine aangalie taa za kipokezi chake. Ikiwaka hata moja, seti hizo zisitumike usiku mmoja mtaa mmoja.

Kinachostahili pesa yako ni swichi ya ufunguo kwenye rimoti, hali ya majaribio iliyotengwa kabisa na hali ya kurusha, na mawasiliano ya pande mbili, yaani kipokezi kinachoripoti betri yake na njia zilizounganika. Na jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: uwezo wa kukitoa kipokezi kwenye majaribio na kukiweka tayari kurusha ukiwa mbali. Kipokezi chenye swichi moja tu ubavuni kinakulazimisha usimame karibu na fataki zilizokwisha kuunganishwa wakati unakiwasha, na huo ndio wakati nisioupenda kuliko wote. Kama ndicho ulicho nacho, nunua nyaya za klipu za mita 3 au 5 ukiweke kando, mbali na midomo ya mirija. Unganisha kikiwa kimezimwa na ufunguo wa rimoti uko mfukoni mwako, si mezani, si kwa shemeji anayeshika tochi. Watu wote waondoke kwanza, ndipo ukiwashe.

Halafu ile taa ya kijani inayowaka kwenye kipokezi klipu ikishaunganishwa. Taa ya kijani haisemi kwamba fataki iko tayari. Inasema waya haujakatika, mwisho. Klipu iliyoanguka chini ya keki inaonyesha kijani. Klipu iliyobana plastiki ya kufunika utambi badala ya utambi wenyewe inaonyesha kijani pia. Betri nayo inaweza kutoa mkondo mdogo wa kupima, miliampia chache, lakini ikashindwa kuupasha moto waya wa nikromu wa klipu, unaohitaji mkondo mkubwa zaidi sana. Betri za alkalini hulegea kwenye baridi ya Novemba. Tumia AA za lithiamu kama mtengenezaji wa mtambo anaruhusu, na zote ziwe mpya. Usiweke klipu mbili kwenye njia moja mpaka maelezo ya kifaa chako yaseme inabeba mbili.

Klipu zenyewe si za haraka. Waya unachukua sekunde moja, mbili, pengine zaidi, kisha utambi nao unakula muda wake. Anayetaka fataki zipige sawasawa na ngoma ya muziki hatayapata hayo kwa klipu. Viwashio vyenye kemikali kichwani ndivyo vya haraka, lakini hivyo ni vya wataalamu. Marekani vinahesabiwa ni kilipuzi na vinahitaji kibali cha ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha na vilipuzi. Wala usitoboe keki ili kufikia utambi wa ndani. Bana utambi wa nje tu, waya ukiugusa kwa upana wake wote, kisha ufunike na mfuko mwepesi wa plastiki kama kuna manyunyu.

Kwa onyesho la keki kumi au kumi na tano, mimi humshauri mtu anunue paneli ya waya, inayorusha kupitia kebo badala ya rimoti, yenye ufunguo, na kebo ya mita 30 au zaidi. Haina mawimbi ya kuingiliwa, na kebo ikichomolewa kwenye paneli unaiona kwa macho kwamba imechomolewa. Kasoro yake ni watu kujikwaa gizani, na kebo nyembamba kupoteza umeme njiani. Nunua nene, ipitishe nyuma ya uzio.

Kwa keki moja au mbili nasitasita, na sioni aibu kusema hivyo. Kijiti cha kuwashia, mkono ulionyooka na kurudi nyuma upesi vinaweza kuwa salama kuliko klipu, kwa sababu klipu hushindwa mara nyingi zaidi, na fataki isiyowaka ndiyo humvuta mtu arudi kuchungulia. Wenzangu wengine hawakubaliani nami kabisa, nao wana hoja: kwa klipu, angalau kichwa hakipo pale utambi unaposhika moto.

Fataki ikishindwa kuwaka, usibonyeze mara kumi. Mara moja zaidi, kisha iache na uendelee na nyingine. Onyesho likiisha, zima, toa ufunguo, na ungoje si chini ya dakika 30 kabla hujasogea. Ukifika, karibia kwa ubavuni bila kuinama juu yake, imwagie maji mengi kwanza, ndipo uchomoe waya kwenye kipokezi.