Kura zilizoharibika zinaingia kwenye hesabu?

Kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji na Mwanga, Kigoma, wengi wanaamini kuwa ukiharibu kura ya urais, kura hiyo bado inaingia kwenye jumla na kumzuia anayeongoza asifike nusu. Ni imani inayoeleweka, maana ukiharibu, karatasi yako si imo sandukuni?

Tuseme sanduku lina karatasi 1,000, na 40 zimekataliwa wakati wa kuhesabu. Mgombea aliyepata 490 ana asilimia 49 ukigawa kwa zote. Ukigawa kwa kura halali 960, anavuka 51. Kura 40 tu, na nusu imepatikana!

Ndiyo maana Kenya, ambako mshindi lazima apate zaidi ya nusu, hoja hii ilifika mahakamani mwaka 2013. Majaji waliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya asilimia.

Kwetu Tanzania sharti la nusu liliondolewa mwaka 2000. Anayewazidi wengine wote kwa kura halali ndiye mshindi, hata akiwa na asilimia 40. Kuharibu kura hakumzuii mtu.

Tena, ukikosea ukiwa bado kituoni, usiitumbukize karatasi hiyo. Mrudishie msimamizi akupe nyingine.

Matokeo yakibandikwa kituoni, soma fomu yenyewe: jumlisha kura za wagombea wote, uone kama zinalingana na kura halali, kisha ongeza zilizokataliwa upate idadi ya waliopiga.