Geji inasoma 11.5, pistoni imemegeka

"Lakini fundi, geji ilikuwa inasoma 11.5!" Nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mwenye Subaru Forester ya tabo (ile pampu inayosukumia injini hewa kwa presha) iliyoburutwa hadi Industrial Area, silinda moja haina kompresheni. Geji yenyewe inaonyesha injini inachoma sehemu ngapi za hewa, kwa uzito, kwa sehemu moja ya petroli; namba ikipanda, petroli imepungua.

Hii dhana kwamba geji ikiwa sawa basi silinda zote ziko sawa itanizeesha. Sensa ni moja, tena imekaa pale moshi wa silinda zote nne umeshakutana. Inasoma wastani. Ni kama ploti yenye mita moja ya maji: mita inazunguka vizuri, mpangaji wa juu kabisa anapandisha mtungi wa lita 20 kwa ngazi. Piga hesabu. Silinda tatu ziko 11.2, moja iko 12.6. Geji itakuonyesha karibu 11.5, nawe utakanyaga mafuta hadi Limuru bila wasiwasi. Kumbe ile moja inapata petroli pungufu kwa asilimia 11, na presha ya tabo haijaihurumia. Joto linapanda, petroli inajilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia, injini inagonga, na ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi unakatika. Kwenye Forester hiyo nilitoa kipande kama ukucha wa kidole gumba. Plagi tatu zilikuwa za kahawia. Ya nne nyeupe, na vidoa vya alumini vinavyong'aa kwenye kauri.

Plagi zingesema mapema. Lakini zima injini ikiwa bado inavuta mlima, uzichomoe hapo hapo ikipoa. Ukija nayo taratibu mpaka gereji, unachosoma ni foleni ya Westlands.

"Nozeli za kupulizia petroli ni mpya, za nini kupimwa?" Zipimwe. Presha moja, muda mmoja, kila moja na mrija wake wa kioo. Mimi seti ikipishana zaidi ya asilimia 2 siifungi, mteja akasirike tu. Hata zikilingana, hewa nayo haigawanyiki sawa ndani ya manifodi, ndiyo maana namalizia kwa kurekebisha petroli kwenye kompyuta ya injini, silinda moja moja, kila tundu la moshi na kipimajoto chake.

Kuongeza mafuta kote ili kuokoa moja? Zile tatu zitaosha oili kwenye kuta zake. Nusa kijiti cha oili utajua.

Petroli ya bei inasaidia injini isigonge. Haiongezi hata tone kwenye nozeli iliyoziba.

Na hili la Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tabo haina hatari: tabo inafidia kwa kuzunguka kasi zaidi, na hewa inatoka humo ikiwa moto zaidi.

Mwenye Forester ameniuliza kama naweza kumfungia geji nyingine, iliyo sahihi zaidi.