Bamba la ukuaji: pale ambapo mkono wa mtoto bado haujawa mfupa

Msimu wa maembe Tabora haupiti bila mtoto kudondoka mwembeni. Akiletwa nyumbani amekumbatia mkono, majirani huuliza: umevunjika au umeteguka? Kwa mtu mzima swali hilo linatosha. Kwa mtoto wa miaka tisa kuna jambo la tatu: je, bamba la ukuaji limeguswa?

Mfupa mrefu haukui kwa kuvutika katikati. Unaongezwa karibu na ncha zake, kama ukuta unavyopanda pale fundi anapoweka tofali. Hapo pana tabaka jembamba la gegedu (kitu laini kuliko mfupa, kama cha sikioni), ndilo bamba lenyewe: chembe zake huzaliana, hujipanga safu, na zilizotangulia hugeuka mfupa. Ncha hazifanyi kazi sawa. Mfupa wa juu wa mkono hupata takriban asilimia 80 ya urefu wake upande wa begani, na mifupa miwili ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, hupata sehemu kubwa ya urefu wake kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana jeraha la kiwiko mara nyingi huupinda mkono kuliko kuufupisha.

Gegedu hilo ni dhaifu kuliko mishipa inayofunga kiungo. Anguko ambalo baba angeteguka tu, kwa mwanawe linaweza kupita katikati ya bamba. Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris, madaktari wa Toronto, Kanada, waliyagawa majeraha haya katika aina tano. Ya tano ndiyo ya hila: bamba limepondeka, na picha ya eksirei ya siku ile inaweza isionyeshe kitu. Gegedu lenyewe huonekana kama mstari mweusi unaofanana na ufa, kwa hiyo usishangae daktari akitaka picha ya mkono wa pili usioumia pia, ili alinganishe. Hulipi mara mbili bure.

Bamba likifa lote, mkono hubaki mfupi. Likifa upande mmoja, upande wa pili huendelea kukua na mkono hupinda taratibu, hogo (plasta ngumu) likiwa limeshafunguliwa na watu wameshasahau.

Wakati mwingine hakuna aliyeanguka. Ulemavu wa Madelung, unaoitwa kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1878, huwapata zaidi wasichana wanaokaribia kubalehe: sehemu ya bamba la kifundo, kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba, huacha kukua mapema, na mfupa wa pili hutokeza nyuma ya mkono kama kinundu. Kuna pia vinundu vigumu vya kurithi vinavyoota karibu na mabamba na kupinda kigasha. Na upungufu wa vitamini D au madini ya kalisi, tunaoujua kwa matege ya miguuni, hutanua vifundo vya mikono vilevile.

Sipendi kabisa mkono wa mtoto aliyeanguka ukandwe kwa maji ya moto na kuvutwa kabla ya picha. Bamba lililosogea halihitaji kusogezwa tena na asiyeliona.

Mabamba haya hufunga, yaani hugeuka mfupa na kuacha kukua, kwa wasichana takriban miaka 14 hadi 16, kwa wavulana 16 hadi 18. Kijana wa miaka 15 ana muda mfupi wa mkono wake kupinda. Wa miaka sita ana karibu miaka kumi, na kwake tarehe ya kurudi kliniki baada ya miezi sita, kuangalia kama mkono unakua sawa, ina uzito zaidi.