Je, Wajua Kwa Nini Filamu za Wasafiri Humzulia Mtu Woga Asiokuwa Nao?

Katika filamu ya Kon-Tiki iliyotolewa mwaka 2012, yumo bwana mmoja mnene, muuza friji, ambaye katikati ya bahari ya Pasifiki anashikwa na kiwewe akiamini kwamba chelezo walichopanda kitalowa, kamba zitakatika na wote wataangamia. Anamsihi kiongozi wa safari, Mnorwei Thor Heyerdahl, wayafunge magogo kwa waya za chuma, na Heyerdahl anazitupa waya hizo baharini. Bwana huyo anaitwa Herman Watzinger, naye alikuwapo kweli katika safari hiyo ya mwaka 1947, ya kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia kwa chelezo kilichoitwa Kon-Tiki. Isipokuwa Watzinger wa kweli alikuwa mhandisi, mrefu, mwenye mwili wa mwanamichezo, na watu wa familia yake hawakuifurahia hata kidogo sura aliyovishwa. Kwa nini basi watengenezaji wa filamu, waliokuwa na kisa cha kweli kinachotosha kumtoa mtu jasho, waliamua kumharibia mtu jina?

Filamu hiyo niliitazama Lamu, barazani, kwenye kompyuta ya kijana mmoja, na pembeni yetu alikaa mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia Matondoni akiunda majahazi. Sisi tulimcheka yule mnene. Mzee hakucheka. "Huyu ndiye mnamwita mwoga?" akatuuliza. "Mbona ameuliza swali la fundi?"

Na kweli lilikuwa swali la fundi, wala halikuanzia kwenye filamu. Kabla Heyerdahl na wenzake watano hawajang'oa nanga Peru, walikuwapo wataalamu waliodai kwamba magogo tisa ya mti wa balsa yaliyofungwa kwa kamba tupu yangesuguana kwa mawimbi mpaka kamba zikasagika. Kilichotokea ni kinyume chake. Balsa ni mti laini, kwa hiyo kamba zilijichimbia ndani ya magogo na kulindwa humo, na kwa kuwa magogo yalikatwa yakiwa mabichi, utomvu wake uliyazuia maji yasipenye kwa haraka. Mwenyeji wa pwani hii, ambako babu zetu walisafiri kwa mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hahitaji kushawishiwa sana kwamba kamba inaweza kuhimili bahari. Chelezo kilikaa majini siku 101, kikapita takriban kilomita 6,900 na kupanda mwamba wa Raroia huko Polinesia. (Dai ambalo Heyerdahl alitaka kulitetea kwa safari hiyo, kwamba Wapolinesia walitokea Amerika ya Kusini, ni jambo jingine, lugha zao na vinasaba vyao vinaonyesha kwamba chimbuko lao ni upande wa Asia.)

Kwa hiyo woga ule ulikuwapo, ila wenye woga huo walibaki nchi kavu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwandishi wa kitabu cha safari anaweza kusema "niliogopa", kisha akatumia kurasa tatu kueleza aliogopa nini na aliushindaje woga huo, lakini kamera haiwezi kuupiga picha woga uliotulia kifuani mwa mtu aliyeshika usukani. Mtengenezaji wa filamu hulazimika kuutafutia woga huo mwili, sauti na uso, na kwenye chelezo chenye watu sita hakuna pa kuutoa isipokuwa kwa mmoja wa hao sita. Aidha, mtazamaji ana saa mbili tu za kuwatambua wanaume sita wenye ndevu, kwa hiyo kila mmoja hupewa tabia moja. Watzinger akaangukiwa na iliyo mbaya kuliko zote.

Msafiri anapokuwa peke yake, hila hubadilika. Filamu ya 127 Hours ya mwaka 2010 inamhusu Aron Ralston, ambaye mwaka 2003 alinaswa mkono na jiwe katika bonde jembamba huko Utah, Marekani. Humo alikuwa na kamera ndogo ya video, akawarekodia jamaa zake maneno ya kuwaaga, na waongozaji hawakuhitaji kubuni njia ya kumfanya aseme yaliyo moyoni. Ubuni waliutia kwingine: wale wasichana wawili aliokutana nao kabla ya ajali, ambao kwenye filamu wanaogelea naye kwenye dimbwi lililojificha, kwa hakika aliwaonyesha tu mbinu chache za kukwea miamba.

Katika Tracks, kuhusu Robyn Davidson aliyevuka jangwa la Australia mwaka 1977 na ngamia wanne na mbwa wake, muda wa karibu miaka miwili aliojifunza kazi ya ngamia umefupishwa sana. Yeyote aliyewahi kumfunga punda shogi akapigwa teke ataona amedhulumiwa.

Iliyofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni Wild ya mwaka 2014, kuhusu safari ndefu ya miguu ya Mmarekani Cheryl Strayed mwaka 1995. Chumbani mwa hoteli, mwanamke amelala chali sakafuni akiwa amejifunga mkoba mkubwa kuliko kiwiliwili chake, anajitupa huku na huku, anageuka kifudifudi, anatambaa, na bado kusimama hawezi. Hakuna aliyezuliwa uovu wala woga, na mkoba huo ulikuwa mzito kweli.

Kuhusu Watzinger, ipo filamu nyingine ya Kon-Tiki, ya mwaka 1950, iliyotokana na picha walizopiga wasafiri wenyewe chelezoni na ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi. Humo yumo yeye mwenyewe, bila waya za chuma.