Je, wajua kwa nini miombo inachipua kabla mvua haijanyesha?

Ukipita njia ya Tabora kwenda Mpanda mwezi wa tisa au wa kumi utashangaa. Mvua iliishia mwezi wa nne au wa tano, nyasi zimekauka, vumbi tupu, halafu juu miti imejaa majani mapya, mekundu, mengine rangi ya shaba, na mvua yenyewe bado wiki kadhaa ifike. Sasa hayo maji yametoka wapi?

Yametoka chini. Mizizi ya mtundu, mtondoro (Wanyamwezi wanauita muva) na wenzao inaweza kushuka mita tano na zaidi, huko unyevu wa mvua iliyopita bado upo, na mti wenyewe pia unakuwa umeweka maji kwenye shina. Kupukutisha majani kiangazi ndo kubana matumizi kwenyewe, na kabla jani halijadondoka mti unalinyonya kwanza sehemu ya naitrojeni na fosforasi unairudisha ndani, kwa hiyo linaloanguka limeshapunguzwa virutubisho.

Kuwahi kuna faida kubwa. Udongo wa miombo mara nyingi ni maskini, na mvua ya kwanza ikipiga vijidudu vya udongoni vinaamka, takataka za majani zinaanza kuoza, virutubisho vinaachiwa kwa mkupuo, mti ambao majani yake yameshakomaa na kuwa ya kijani unavidaka kabla havijasombwa na maji.

Ila mti haufanyi hii kazi peke yake na hapa ndo mimi huwa nauheshimu sana huu msitu. Miti mikuu ya miombo iko jamii ya mikunde lakini mizizi yake haina vile vinundu vya bakteria kama vya maharage, badala yake ncha za mizizi zimefunikwa na nyuzi za uyoga, nyembamba kuliko unywele, zinaenda mbali udongoni kutafuta fosforasi na naitrojeni zinauletea mti, mti nao unazilipa sukari. Ule uyoga wa njano unaouzwa barabarani masika ni matunda ya hiyo biashara, ndo maana miti ikikatwa yote nao unapotea. Uyoga mkubwa unaoota kwenye kichuguu ni habari nyingine kabisa, ule unalimwa na mchwa, wanabeba majani makavu na vijiti ndani, wanaulisha, halafu wanaula wao. Udongo wa kichuguu unakuwa na rutuba kuliko wa pembeni, ndo maana mara nyingi utakuta mkwaju umeota juu yake.

Nyuki nao wanakula kwa zamu, mtundu unatoa maua kuelekea mvua, mtondoro unafuata baadaye mvua zikiwa zimeshika, asali ya Tabora inatoka humo.

Mbegu sasa. Mchana wa jua kali maganda ya mtondoro yanapasuka kwa kishindo, yanajikunja na kurusha mbegu mita kadhaa. Mbegu hizi hazikai udongoni miaka kusubiri, zikikosa mvua ya msimu huo basi. Hata mche ukiota, kiangazi sehemu ya juu inaweza kufa, mwakani inachipua tena, inakufa tena, huku mzizi unanenepa tu, mninga unaweza kukaa hivyo miaka kumi kabla haujarefuka kweli. Kwa hiyo ukiona kichaka cha magoti usiseme hapa hakuna miti. Visiki navyo vinachipua vizuri, eneo lililokatwa mkaa linaweza kurudi kuwa msitu kama halijalimwa wala kuchomwa ovyo.

Moto wa mwezi wa sita nyasi zina unyevu, unapita chini chini. Wa mwezi wa tisa na wa kumi ni mkali na unakuta majani machanga yameshatoka. Kule Ndola, Zambia, walianza jaribio miaka ya 1930: kipande kimoja kikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine kikakingwa na moto kabisa. Cha kwanza kikaishia nyasi, miti karibu yote ikapotea, na kile kilichokingwa kikafunga majani juu.