"Mwanangu hana kipaji cha kuchora": jamani, tuliongee hili

Jumamosi kwenye kikao cha wazazi baba mmoja kanifuata mezani kashika daftari la kuchorea la binti yake wa darasa la tano, na binti mwenyewe kasimama pembeni anasikia kila neno. "Madam, huyu hana kipaji cha kuchora, kwetu hatuna damu hiyo kabisa, bora huo muda afanye hesabu." Nafundisha sanaa shule ya msingi mwaka wa 14 huu na maneno haya nimeyasikia mpaka basi. Kilichonichoma zaidi ni yule mtoto, maana alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Sikubishana. Nikampa karatasi na penseli nikamwambia baba, hebu nichoree baiskeli. Akasema ah, baiskeli nimeendesha toka mdogo, akachora fasta: magurudumu mawili, usukani, siti, pedali, na mnyororo umetoka gurudumu la nyuma ukaenda kuzunguka la mbele. Nikamwambia twende getini, baiskeli ya mlinzi iko pale. Akachuchumaa akaangalia kama dakika nzima hasemi kitu. Mnyororo unatoka kwenye pedali unaishia gurudumu la nyuma, basi. Ukiufunga na la mbele hata kona hukati. "Kumbe," akasema. Akachora tena palepale amechuchumaa, anaangalia anachora, anaangalia anachora, na safari hii ikatoka baiskeli ya kueleweka.

Sasa mkono ulikuwa uleule, na dakika kumi zilizopita damu ya kwao ilikuwa ileile. Mara ya kwanza alichora baiskeli anayodhani anaijua, mara ya pili akachora anayoiona. Kazi yangu darasani karibu yote iko hapo katikati.

Kwa wadogo sitakaa sana. Mtoto wa miaka mitatu minne anachora mtu ambaye ni kichwa chenye miguu, mikono inatokea masikioni, msiguse. Darasa la kwanza na la pili anapiga mstari chini ndo ardhi, juu anapaka bluu kidogo ndo mbingu, katikati peupe, mama mkubwa kuliko nyumba kwa sababu mama ndo muhimu, na shangazi mjamzito mtoto anaonekana ndani ya tumbo. Hayo sio makosa. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa kufundisha watoto sanaa, aliziandika hatua hizi mwaka 1947, na mwalimu yeyote akifunua madaftari ya watoto wake atazikuta zimejaa. Zinapita zenyewe, ukimsahihisha unamfundisha tu kukuogopa.

Shida inaanza kwenye miaka tisa kumi hivi, na hapa naomba mnivumilie maana ndo panaponikera. Mtoto aliyekuwa anachora kila siku, ukutani, mchangani, nyuma ya daftari la hesabu, ghafla anaacha. Anaanza kusema siwezi. Anafunika karatasi kwa mkono ukipita. Mzazi anaona, anasema haya sasa kipaji kimeisha au hakikuwepo. Mi naona kinyume kabisa! Huyu mtoto macho yake yamekua, yameupita mkono. Mwaka jana alichora ng'ombe akaona ni ng'ombe, mwaka huu anachora ng'ombe yuleyule anaona miguu imepangwa kama ya meza, anaumia. Aliyeona kwamba mchoro wake umekosea huyo ameshaanza kuangalia, yaani ndo wakati haswa wa kumfundisha, na sisi ndo wakati tunaomwambia aache.

Binti wa huyo baba nilimtazama wiki moja kabla. Tunachora mkono wa kushoto, kila mtu wa kwake ameuweka juu ya dawati. Anachora kidole, anafuta, anachora, anafuta, karatasi ikaota manyoya mpaka ikatoboka, na bado hajatoka kwenye kidole gumba. Tangu siku hiyo raba nazikusanya zote mwanzo wa kipindi. Wanalalamika sana. Mstari uliokosea uache hapohapo, piga mwingine pembeni yake, ule wa kwanza ndo utakuonyesha umekosea kwa kiasi gani, ukiufuta unarudi kulekule.

Nikampa karatasi nyingine nikaifunika kwa daftari asione anachochora, nikamwambia macho yatembee kwenye ukingo wa mkono wako taratibu kama siafu anavyotembea, penseli iende na macho, usiinue. Inatoka michoro ya ajabu, vidole sita, vidole vimepandana, darasa zima wanacheka. Lakini angalia vizuri: mikunjo ya vifundo ipo, ule mdomo wa kucha unavyoingia kwenye nyama upo, pale kidole gumba kinapoanzia karibu na kiganja chini kabisa pameonekana. Kwenye ile karatasi iliyotoboka hakuna hata kimoja, kulikuwa na soseji tano zimeshikana. Tukimaliza mkono tunachora stuli, ila stuli hatuichori, tunachora zile nafasi tupu katikati ya miguu yake, maana miguu ya stuli kila mtoto anadhani anaijua, nafasi tupu hakuna anayezijua kwa hiyo inabidi aangalie.

Halafu kuna wale mnaowaita wenye kipaji. Karibu kila darasa ninalopokea nikisema chora chochote napata milima miwili, jua linachomoza katikati, mto, mnazi, ndege wa herufi V. Niko Dar, wengi milima hiyo hawajawahi kuiona. Wameipata ubaoni kwa mwalimu fulani naye aliipata kwa mwalimu wake. Yule anayeipiga safi kwa rula ndo anapigiwa makofi. Mwambie achore choo cha shule au bodaboda wa kijiweni, anakwama palepale.

Lakini sitaki niseme kuiga ni kubaya nikaishia hapo, kwa sababu hapa mwenyewe sina uhakika kama zamani. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka mwaka 1968 Dar es Salaam, rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, hakupita shule yoyote ya sanaa, na waliomfuata walijifunza wamekaa pembeni yake wakifanya anachofanya. Wachonga vinyago wa Kimakonde vilevile. Huko ni kuiga, na mtindo umeishi mpaka leo. Nadhani tofauti ni kwamba wale walimwona mtu anavyofanya, brashi inavyoshikwa, rangi ipi inatangulia, na mtoto wangu anaiga picha iliyokwishamalizika hajui ilianzia wapi. Nadhani. Ninao pia watoto wanaoiga katuni usiku kucha na wanazidi kuwa wazuri, sijui niwakataze kwa sababu gani, kwa hiyo siwakatazi.

Na nisiwadanganye kwamba wote wako sawa. Katika hiyo miaka 14 nimepata watoto kama watatu ambao waliona vitu sijawahi kuwaonyesha na mpaka leo sielewi walivipata wapi. Watatu. Siwezi kuendesha somo la watoto 70 kwa ajili ya kuwasubiri hao, wala hakuna anayeniambia mtoto asisome hesabu mpaka tujue kama kwao wana damu ya hesabu.

Maksi ndo zinanikosesha usingizi. Tangu mtaala wa 2023 Sanaa na Michezo ni somo, kwa hiyo lazima nijaze namba. Nampa nane aliyechora vizuri, au aliyetoka mbali? Mimi natoa kwa kulinganisha mchoro wake wa Januari na wa Juni, na kuna mzazi ataniuliza mbona huyu mwenye mchoro mbaya kampita wa kwangu, na jibu ninalo ila halitoshi kwenye kisanduku cha ripoti.

Yule baba aliondoka na ile karatasi ya baiskeli ameikunja mfukoni. Binti yake Jumatatu alikuja mapema, akaniuliza kama tutachora tena mikono. Hapana, wiki hii darasa la tano tunachora ndala. Wazazi, naombeni mwape zile zilizochakaa kabisa, zenye kamba iliyoshonwa na kisigino kilicholika upande mmoja, mpya hazina cha kuangalia.