Macho yakiwaka bwawani, usiilaumu dawa yangu

Idd iliyopita kesi ikarudi ileile. Baba mmoja kutoka Dar, wanawe wamejipanga nyuma yake wanafikicha macho, kasimama mapokezi ananiambia: "Kaka, hii dawa mmemwaga kama mnaosha choo. Ipunguzeni bwana, watoto wanaumia." Nikamjibu kihoteli: "Samahani sana kaka, tunalishughulikia sasa hivi." Kisha usiku nikaenda chumba cha pampu, nikaongeza dawa.

Sikumkomoa. Hiyo ndiyo tiba yenyewe, na nimechoka kuieleza kwa mtu mmoja mmoja pembeni ya bwawa huku suruali imelowa magotini. Natunza mabwawa ya mahoteli hapa Unguja, ukanda wa kaskazini na mashariki, na kama kuna imani moja ningeizamisha kwenye kina kirefu isiibuke tena, ni hii ya kwamba harufu kali ya bwawa ni harufu ya dawa nyingi. Ina na pacha wake: kwamba dawa ikishakuwepo inaua kila kitu, hivyo hata ukiingia na jasho la boti na daladala si neno.

Dawa yenyewe ni klorini. Ikiwa huru majini, kwa kiwango cha kawaida cha miligramu 1 hadi 3 kwa lita, utaisikia kwa mbali sana au usiisikie kabisa. Ile inayopanda puani na kuchoma macho ni kloramini. Inazaliwa klorini inapokutana na vitu vyenye naitrojeni, na vitu hivyo havikuja na boza la maji, vimekuja na wageni. Jasho lina yurea. Mkojo una yurea nyingi zaidi. Klorini ikishashikwa huko inakuwa imefungwa: bado imo majini, bado inasomeka kwenye kipimo cha jumla, lakini nguvu yake ya kuua vijidudu imekwisha karibu yote.

Siku ile ya Idd niliteka maji kwa kina cha kiwiko, mbali na tundu la kuingizia maji, nikatia kidonge cha kupimia namba 1 kwenye kichupa. Rangi ya waridi ikatoka hafifu, kama sharubati iliyozidishwa maji: klorini huru 1.0. Nikatia kidonge namba 3 kwenye kichupa hichohicho, nikasubiri dakika mbili. Waridi likakolea mpaka 2.2. Hiyo tofauti, 1.2, ndiyo kloramini. Mimi ikipita 0.4 tu huanza kukunja uso. Na huwezi kuivunja kwa kupunguza dawa. Unaongeza, mpaka kama mara kumi ya kile kilichofungwa, usiku watu wamelala, kwa mkupuo mmoja. Ukitia nusunusu kwa woga unazalisha kloramini nyingine juu ya ile ya kwanza. Hapa ndipo ninapogombana na mameneja, maana meneja naye ana pua, ana mgeni anayefoka mapokezi, na anachotaka kusikia ni kwamba nimepunguza.

Niseme na upande wa pili, ambao kwenye mafunzo huwa unarukwa. Zipo siku dawa imezidi kweli. Kijana mgeni wa kazi anamwaga chembechembe karibu na ngazi saa moja asubuhi, saa mbili mtoto anashukia hapohapo. pH nayo, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikitoka nje ya 7.2 hadi 7.8 macho yanawaka hata kama hakuna aliyekojoa. Halafu mabwawa yetu mengi yako wazi. Kusi likivuma, kloramini nyingi inapeperushwa kabla hujainusa, kwa hiyo bwawa lisilonuka bado linaweza kuwa chafu. Ukitaka ukweli wa maji, nenda panapojificha upepo: chini ya paa la makuti, kwenye baa ya majini.

Tuiongelee hiyo baa. Watu wanakaa kwenye viti vya saruji, maji yamewafika kiunoni, kuanzia saa tano mpaka jua linazama. Bia zinaingia, juisi zinaingia. Kuna kinjia cha mawe cha kwenda chooni, kifupi tu, na mtu aliyetoka majini lazima aache nyayo za maji juu yake. Mchana kutwa kinjia kile ni kikavu. Hesabu mwenyewe.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipima mabwawa kwa kutafuta asesulfamu, utamu bandia unaotiwa kwenye soda na vyakula, ambao mwili hauusagi. Ulivyoingia ndivyo unavyotoka. Kwenye bwawa moja la lita 830,000 walikadiria mkojo lita 75. Kiuwiano ni kidogo, nakubali, haufiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Lakini ni karibu ndoo nne kubwa, na kila tone linakula klorini ambayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya vijidudu. Na ile rangi inayogeuka bluu mtu akikojoa haipo. Wazazi wanawatishia nayo watoto, na mimi nanyamaza, maana ndiyo sheria pekee ya bwawa ninayoiona inafuatwa.

Kuoga kabla ya kuingia: dakika moja tu chini ya shawa, mwili mzima, inaondoa sehemu kubwa ya jasho, mafuta na vipodozi. Dakika moja! Bibi harusi na mashoga zake wakiingia na singo bado haijakauka mwilini, au dada akiingia na nywele zilizochovywa mafuta ya nazi, sihitaji kuuliza nani alikuwepo. Kesho yake ule mstari wa kahawia kwenye vigae, pale uso wa maji unapogusa ukuta, unakuwa mnene na unateleza kidoleni, na anayepiga magoti kuusugua ni mimi. Ila lawama ya kwanza ni yetu wenyewe wa hotelini. Mgeni anatoka kwenye masaji ya saa nzima, anang'aa kichwa mpaka kisigino, na mhudumu wetu wa spa anamwambia kwa tabasamu aende akapumzike bwawani. Shawa yenyewe imefichwa nyuma ya stoo ya taulo, maji ya baridi tupu, na kibao kimeandikwa Kiingereza na Kiitaliano. Nani ataitafuta? Sina imani kubwa na vibao. Ninachokiona ni kwamba shawa ikiwekwa katikati ya njia, mtu asipite bila kuikanyaga, watu wanaoga, tena bila ugomvi.

Narudi kwa yule pacha, "dawa inaua kila kitu". Inaua, lakini kwa muda wake. Kwa miligramu 1 kwa lita na pH 7.5, E. koli hufa chini ya dakika moja. Virusi vya homa ya ini A huhitaji kama dakika 16. Giardia, kimelea cha tumbo, dakika 45. Kisha yupo kriptosporidiamu, kidudu cha kuharisha chenye ganda, ambacho hudumu zaidi ya siku 10 kwenye maji hayohayo mazuri yanayong'aa. Mtoto anayeharisha akiingia leo, mtoto wa mgeni wa wiki ijayo anaweza kukimeza. Pampasi ya kuogelea inashika kigumu kwa muda mfupi. Cha majimaji kinapita, na mkojo ndio usiseme.

Choo kigumu kikielea, bwawa linafungwa, nakitoa, nashikilia klorini miligramu 2, na baada ya nusu saa mnarudi kucheza. Cha kuharisha ni miligramu 20 kwa karibu saa 13, na hesabu hiyo ni ya maji yasiyo na stabilaiza. Yetu yanayo, kwa sababu jua la hapa linamaliza klorini tupu kwa saa chache, na hiyo stabilaiza inayoilinda klorini ndiyo hiyohiyo inayoipunguza kasi ya kuua. Kwa hiyo muda halisi ni mrefu kuliko hoteli yoyote iliyojaa inavyopenda kusikia. Ni wangapi wanafunga kwa muda wote huo wiki ya Krismasi? Hilo nisiliandike, nina watoto wanasoma. Mzazi ambaye mtoto wake ameharisha jana na anasema "leo ameamka vizuri" ananisaidia zaidi kwa kumweka kando ya bwawa na ndoo yake ya mchanga kuliko dawa yote iliyomo stoo.

Sasa nguo, ambazo zinaniudhi kwa pande zote mbili. Upande mmoja yupo kijana mwenye jinzi iliyokatwa, ndani yake bokta, na fulana aliyokuja nayo kwenye daladala. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito, inamwaga nyuzi ambazo nazikuta kwenye kikapu cha skima, kile kinachonasa takataka za juu ya maji, zimesokotana na nywele za rasta, na imebeba jasho la tangu alfajiri. Dera ni balaa kwa sababu nyingine: likilowa linajifunga miguuni, na mwokoaji akimfuata aliyelivaa ni kama anavuta watu wawili. Na bokta chini ya kaptura ya kuogelea, ndugu zangu, bado ni bokta.

Upande wa pili yupo msimamizi anayemtoa majini mama aliyevaa burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, tena kwa hoja yangu mimi, "usafi wa maji". Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye hoteli moja nisiyoitaja, na damu ilinichemka. Burkini ilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, Mwaustralia mwenye asili ya Lebanon, na kitambaa chake ni cha jamii ileile ya bikini: cha kutengenezwa kiwandani, chepesi, kinachokauka haraka, kisichomwaga nyuzi. Filta haijui mtu amejifunika kiasi gani. Ufaransa, ambako hata kaptura pana za wanaume zinakataliwa kwenye mabwawa ya umma, jiji la Grenoble lilitaka kuiruhusu burkini mwaka 2022, na mahakama yao kuu ya utawala ikazuia. Hayo ni mambo yao ya siasa, hayahusiani na pampu.

Hapa kwetu, kisiwa ambacho karibu wenyeji wote ni Waislamu, kibao kinachosema "vazi la kuogelea tu" bila kufafanua kinamwachia mlinzi aamue, na mlinzi anaamua kwa kutazama mtu ametoka wapi. Mzungu mwenye kaptura ya pamba mpaka magotini hapigiwi filimbi. Nimependekeza kibao kitaje kitambaa: nailoni, poliesta, laikra, urefu wowote, ubane mwili kiasi. Bado najiuliza tumwambieje mama ambaye hana burkini na duka la hoteli linaiuza kwa bei ya mbuzi. Kwangu mimi leginzi za mazoezi na blauzi ya michezo, zikiwa safi, zinatosha. Meneja anasema atafikiria. Amekuwa akifikiria tangu kaskazi.

Mengine kwa haraka. Taulo lililotandikwa kwenye kitanda cha kando ya bwawa saa kumi na mbili asubuhi na mwenyewe haonekani mpaka saa tano: naliondoa, na nikiulizwa nasema upepo. Kuruka kwenye kina kifupi chenye watu: usiruke, kuna shingo za wenzio na ipo yako. Spika ya muziki: kila mtu ana simu yake na masikio yake. Simu ya kupiga picha ni jambo kubwa kidogo. Kuna wanawake wanaoingia majini kwa sababu tu wamehakikisha hakuna kamera, na wewe unayejipiga mwenyewe umewaweka wote nyuma ya bega lako na kuwapeleka mtandaoni kabla hawajajifuta maji. Geuka, upige upande wa bahari. Bahari haijali.

La mwisho ni glasi. Kipande cha glasi ndani ya maji hakionekani, na nyavu yangu haikioni. Glasi ikivunjika bwawani, njia ya uhakika ni kumwaga maji yote, kufagia sakafu, na kujaza upya. Bwawa la mita za ujazo 200 ni lita 200,000. Huku pwani maji matamu ni ya shida, visima vikivutwa sana vinaingia chumvi, na nyuma ya ukuta wa hoteli kuna nyumba ambazo bomba likikatika wanawake wanatoka na madumu. Hao nao wamo katika hili, ingawa hawajawahi kuingia bwawani. Nikifungua lile tundu la chini na kusikia maji yanaondoka, huwa sitoki nje ya geti mpaka giza liingie, maana sijui nitawaambia nini.

Glasi za plastiki ngumu ziliagizwa zamani. Zimo stoo, kwenye maboksi yake, kwa sababu mojito ndani ya plastiki haipendezi kwenye picha. Mpaka zitoke, ukiangusha glasi majini niite hapohapo, tena kwa sauti. Usizamie kuiokota mwenyewe, wala usinyamaze ukahamia upande mwingine wa bwawa.